Kisu cha skauti na mwaka ulioandikwa kwenye kikaratasi

Katika kitongoji kimoja magharibi ya jiji la Syracuse, jimbo la New York, familia ilikuwa imefungua milango ya nyumba ya mama yao aliyefariki ili watu waingie na kununua vitu vilivyobaki. Juu ya meza ya jikoni palikuwa na kopo la bati la biskuti lenye vile vitu ambavyo kila nyumba huvihifadhi bila kujua sababu: funguo zisizo na kufuli, vifungo vya makoti, rula iliyovunjika, na kisu cha kukunja chenye mpini wa kahawia. Kisu kilikuwa kimefungwa uzi, na kwenye uzi kulikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri: kisu cha skauti cha baba, 1925.

Nililivuta bapa kubwa la kukatia kwa ukucha, likafunguka kwa mlio mkali. Kwenye shina la bapa, pale chuma kinapoingia ndani ya mpini, palikuwa na mistari mitatu ya herufi ndogo: CAMILLUS, NEW YORK, USA.

Nilikinunua pamoja na kopo lake kwa ajili ya mwanangu, ambaye alikuwa amejiunga na skauti na kupewa kadi inayoitwa Totin' Chip, yaani ruhusa ya skauti wa Marekani kubeba kisu na shoka baada ya kuonyesha kwamba anajua kuvitumia bila kujiumiza wala kumwumiza mwenzake. Bei ilikuwa ndogo, na binti wa marehemu aliyekuwa akiuza aliongeza kwamba kilikuwa cha babu yake, aliyekuwa skauti akiwa mvulana.

Niliamini habari ya babu. Mwaka 1925 ndio uliokataa kukaa kichwani.

Umbo halitoshi

Yeyote aliyewahi kukiona kisu cha skauti cha Kimarekani hukitambua haraka: bapa kubwa la kukatia, kifungua kopo, kifaa kimoja chenye opena ya chupa upande mmoja na bisibisi bapa kwenye ncha, msharasi wa kutoboa ngozi, na pete mwishoni ya kukining'iniza kiunoni. Chama cha skauti cha Marekani kilisajiliwa tarehe 8 Februari 1910, na mwaka uliofuata kiwanda cha New York Knife Company, kilichokuwa katika mji mdogo wa Walden, kikaanza kutengeneza kisu rasmi cha kwanza. Tangu hapo umbo hilo halikubadilika sana kwa zaidi ya nusu karne, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu mtu anayetazama umbo peke yake anaweza kukishika kisu cha enzi ya Rais Taft na kisu cha enzi ya Rais Nixon akadhani ni ndugu wa mwaka mmoja.

Ngao ndogo ya chuma iliyopachikwa kwenye mpini husaidia kidogo zaidi. Mimi nililelewa katika uskauti wa Kenya, ambako kwenye beji tulizoea ua la yungiyungi bila ndege, hivyo jambo la kwanza nililoliona kwenye ngao ya kisu hiki ni tai aliyetanua mabawa juu ya ua, akiwa na ngao kifuani. Tai huyo ni wa Marekani. Bunge la nchi hiyo liliwapa skauti wake hati maalumu tarehe 15 Juni 1916, hati ambayo pamoja na mambo mengine ililinda nembo zao, na ndiyo maana viwanda vingi vilivyotengeneza kisu cha umbo lilelile bila idhini viliweka ngao tupu, au ngao yenye neno CAMP tu. Kisu cha namna hiyo kinaweza kuwa kizuri kama kile rasmi, na wakati mwingine kilitoka katika kiwanda kilekile, lakini si kisu cha skauti kwa maana kamili, hata muuzaji aape.

Changu kilikuwa na tai. Basi kilikuwa rasmi, na kilikuwa cha Kimarekani, na kuhusu mwaka bado sikuwa nimepata lolote.

Swali la mtoto

Mwanangu alikigeuzageuza kisu mezani, akasoma maandishi yote, kisha akauliza, "Baba, mbona hawakuandika mwaka?"

Swali hilo lina jibu la kuudhi kidogo. Kiwanda cha Camillus kililitengenezea pia jeshi la Marekani kisu cha umbo hilihili, chote cha chuma kisichoshika kutu, hata mpini, na visu hivyo vya jeshi vilipigwa mhuri wa mwaka kwenye shina la bapa. Mtu akikipata leo hahitaji lenzi wala kitabu. Anasoma tarakimu nne na kazi imekwisha. Jeshi lilitaka kujua nini kilinunuliwa lini. Mtoto wa miaka 12 aliyenunua kisu chake dukani kwa pesa alizochuma kwa kufyeka majani ya majirani hakuwa na mkaguzi wa hesabu, na kwa hiyo kisu chake hakikuandikwa mwaka.

Kuna nambari nyingine ambazo huwapoteza watu. Remington, kampuni ya bunduki iliyotengeneza visu vya mfukoni huko Bridgeport, Connecticut, kuanzia 1920 hadi ilipouza kitengo hicho mwaka 1940, ilikipa kisu chake cha skauti nambari RS3333. Nambari hiyo haisemi kitu juu ya mwaka, ila tarakimu yake ya mwisho inasema kitu kizuri zaidi: 3 ilimaanisha mpini wa mfupa, kama vile 4 ilivyomaanisha lulu na 8 mti wa kokobolo. Natamani viwanda vyote vingekuwa na nidhamu hiyo, maana mtu akikutana na RS3333 yenye mpini wa mti anajua papo hapo kwamba kuna mkono uliopita baada ya kiwanda.

Jina la kiwanda ni lango pana mno

Kijiji cha Camillus kiko dakika chache kwa gari kutoka ninapoishi, na nilikuwa nimepita hapo mara nyingi bila kujua kwamba jina lake limo mifukoni mwa mamilioni ya watu. Kiwanda kilijengwa kando ya kijito cha Nine Mile na mtu aliyeitwa Charles Sherwood, kikaanza kazi mwaka 1894. Mwaka 1902 kilinunuliwa na Adolph Kastor, mhamiaji kutoka Ujerumani aliyekuwa akiagiza visu kutoka kwao na kuviuza New York, mpaka ushuru wa forodha wa 1897 ulipoifanya biashara hiyo kuwa ghali kiasi kwamba ilimfaa zaidi kuvitengeneza hukuhuku. Kastor aliwaleta mafundi wa Kijerumani kufanya kazi katika kijiji hiki cha baridi kali, na mimi ninayeishi mahali hapa kwa sababu zinazofanana na zao nilisimama kidogo kwenye sentensi hiyo nilipoisoma.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2007 baada ya mgomo mrefu na kufilisika. Jina likanunuliwa na kampuni nyingine, na visu vyenye jina la Camillus bado vinauzwa, ila havitoki tena kijijini. Jengo lenyewe limegeuzwa kuwa nyumba za kupanga na ofisi.

Hesabu basi mwenyewe: neno CAMILLUS pamoja na NEW YORK linaniambia kwamba kisu hakikutengenezwa baada ya 2007. Hiyo ni zaidi ya karne moja ya uwezekano. Wakusanyaji wa visu wamechora majedwali ya mihuri, wakionyesha miaka ambayo jina liliandikwa kwa mistari miwili, mitatu au minne, wakati neno fulani lilipopigiwa mstari chini na wakati lilipoachwa wazi, na majedwali hayo yana faida kubwa kwa mtu anayetaka kujua muongo. Lakini yasomwe kwa tahadhari, kwa sababu yanahusu bapa na si kisu. Bapa lilipigwa mhuri likiwa bado halijaunganishwa na kitu kingine, likawekwa kwenye sanduku pamoja na mengine, na siku ya kuunganisha fundi alichukua lililokuwa karibu. Hakuna msimamizi aliyetupa mabapa mazuri kwa sababu tu mhuri umebadilishwa mwezi uliopita.

Nilijua sasa kwamba nisitafute kitu kimoja kitakachonipa mwaka. Nilihitaji kila sehemu ya kisu inipe mpaka wake: haiwezi kuwa kabla ya hapa, haiwezi kuwa baada ya pale. Sehemu iliyo changa kuliko zote ndiyo yenye kauli ya mwisho juu ya mpaka wa chini, hata zile nyingine zote zikidai uzee. Picha inayodaiwa kupigwa siku ya Uhuru, huku mtu mmoja pembeni ameshika simu ya mkononi, haihitaji mjadala juu ya nguo walizovaa wengine.

Mpini

Kwa mbali mpini wa kisu hiki ni mfupa. Una rangi ya kahawia iliyokoza mabondeni na kufifia vileleni, na una mikwaruzo ya makusudi ya kuufanya ushikike mkono ukiwa na maji. Ndivyo mipini ya skauti ilivyokuwa kwa miaka mingi: viwanda viliagiza mifupa ya miundi ya ng'ombe, sehemu kubwa kutoka Amerika Kusini, ikapasuliwa vipande, ikachongwa mifereji kwa mashine, ikatiwa rangi.

Nilianza na lenzi ya kukuzia. Mfupa ulikuwa sehemu ya kiumbe hai, una njia ndogondogo ambamo damu ilipita, na njia hizo huonekana kama vidoa vyeusi au mistari mifupi, hasa kwenye kingo ambako mpini umesuguliwa ukawa laini. Nilitafuta vidoa hivyo pande zote mbili. Sikuviona. Uso ulikuwa mmoja, mtulivu, bila tundu.

Hapo nilijikuta nikiutetea mfupa. Labda vidoa vimezibwa na uchafu wa miaka mia. Labda rangi imevifunika. Labda lenzi yangu ni dhaifu. Wapo wanaoshauri sindano ya moto: unaipasha sindano mpaka iwe nyekundu, unaigusisha mahali pasipoonekana, na plastiki huyeyuka huku mfupa ukitoa harufu ya nywele zilizoungua. Jaribio hilo husaidia, lakini linaacha kovu la kudumu, nami sipendi njia ya kujua ambayo inakiharibu kitu ninachotaka kukijua.

Jibu lilikuja sokoni. Muuza vitu vya kale alikuwa na kisu kingine cha Camillus chenye tai, kimechakaa kuliko changu, ngao imelegea. Nilikiomba, nikatoa changu mfukoni, nikaviweka sambamba. Mfereji wa kwanza karibu na pete ulikuwa na umbo la mkia wa samaki, kwenye changu na kwenye chake. Chini yake mifereji miwili mifupi ilikaribiana bila kugusana, kwenye changu na kwenye chake. Nilifuata mpini mzima namna hiyo, mfereji kwa mfereji, mpaka kwenye ngao, na hapakuwa na tofauti ila uchakavu. Mashine inayochonga mfupa haiwezi kurudia kazi yake hivyo, kwa sababu kila kipande cha mfupa kina unene wake na mkono unaokishika una mtikisiko wake. Kinachorudia hivyo ni kalibu. Mipini yote miwili ilimiminwa.

Plastiki ya namna hiyo kwenye visu vya Kimarekani, ngumu, isiyopasuka, inayoiga mfupa kwa ustadi, ni ile iliyopewa jina la Delrin na kampuni ya DuPont, iliyoanza kuiuza mwaka 1960. Viwanda vya visu viliipokea kwa furaha. Haikunywa maji, haikupinda, haikuhitaji kuchaguliwa kipande kwa kipande, na fundi aliyekuwa akipoteza mifupa mingi kwa kupasuka wakati wa kupiga pini hakupoteza tena. Zamani zaidi viwanda viliwahi kutumia seluloidi na plastiki nyingine, lakini seluloidi huonekana kwa tabia zake: husinyaa, hupasuka, hugeuka manjano. Mpini huu haukuwa na dalili hata moja ya hizo.

Palibaki shaka moja iliyostahili kuheshimiwa. Je, mpini ungeweza kubadilishwa? Kisu cha 1925 kilichovunjika mpini kingeweza kupelekwa kwa fundi na kurudi kikiwa na vazi jipya. Nilirudi kwenye lenzi, safari hii si kwa ajili ya mpini bali kwa ajili ya pini zinazoushikilia, mabamba ya shaba ya njano yaliyo ndani, na viungo vya chuma kwenye ncha mbili. Pini zilikuwa za ukubwa mmoja, vichwa vyake vimesawazishwa na uso wa mpini bila mkwaruzo wa tupa. Plastiki na chuma vilikutana bila mwanya unaopitisha ukucha. Halafu kuna kile kisu cha sokoni, kilichounganishwa vilevile kwa kila jambo; fundi wa mtaani hutengeneza kimoja, havipatii viwili vikafanana.

Basi kisu hakikuwa cha kabla ya 1960.

Kikaratasi kilikuwa kimetangulia kwa miaka isiyopungua 35.

Kipande cha kasha

Mpaka wa juu ulinisumbua zaidi, na nadhani huwasumbua wote. Ni rahisi kuthibitisha kwamba kitu fulani hakikuwapo bado. Ni vigumu kuthibitisha kwamba kilikuwa kimekoma.

Chini kabisa ya kopo la biskuti, likiwa limekunjwa kushikilia vifungo vya makoti, palikuwa na kadibodi nyembamba iliyochapwa upande mmoja. Ilikuwa sehemu ya kasha dogo la dukani. Nembo yake ilikuwa ileile ya tai, na chini yake ilitajwa anwani ya makao makuu ya skauti: New Brunswick, New Jersey. Makao hayo yalikuwa jijini New York mpaka 1954, yakahamia New Jersey, kisha mwaka 1979 yakaenda Irving, Texas. Kasha hilo, basi, ni la kati ya miaka hiyo.

Tena anwani haikuwa na msimbo wa posta wa tarakimu 5. Posta ya Marekani iliuanzisha tarehe 1 Julai 1963. Baada ya hapo kampuni nyingi ziliuongeza kwenye karatasi zao kadiri walivyochapa upya, ingawa sheria haikuwalazimisha wachome karatasi za zamani, na mtu aliyekuwa na makasha elfu kadhaa ghalani aliyatumia mpaka yakaisha. Kukosekana kwa msimbo ni dalili, na dalili ina uzito wake, lakini sikubali iitwe ushahidi.

Kisha nikajiuliza swali lililo gumu zaidi: nani kasema kasha hili ni la kisu hiki? Vilikuwa kopo moja, ndiyo, pamoja na rula na funguo. Niliifungua kadibodi taratibu na ndani yake nikaona alama ya kutu, iliyopinda nusu duara, kwenye kona moja. Niliiweka pete ya kisu juu yake. Ilikaa sawasawa.

Wakili mzuri angeicheka alama hiyo. Kisu chochote rasmi cha ukubwa huo kingeacha alama hiyohiyo, na viwanda vya wakati huo, Camillus na Ulster kwa mfano, vilitengeneza visu vya skauti vinavyokaribiana vipimo. Ninachoweza kusema bila kuona haya ni kwamba kisu ni cha 1960 au baada yake. Kwamba kama kasha ni lake, basi ni cha kabla ya 1979. Na kwamba kwa kukosa msimbo wa posta ningekiweka katika miaka ya 60, nusu ya kwanza kuliko ya pili. Anayetaka mwaka mmoja kamili kwa kisu cha namna hii atauziwa mwaka huo na mtu fulani, lakini hatauziwa ukweli.

Niliangalia pia uchakavu, kwa sababu watu wengi huanzia hapo. Bapa kubwa limenolewa mpaka limepoteza upana, hasa katikati, ambako mtu asiyejua kunoa hukandamiza zaidi. Msharasi ni kama mpya. Kifungua kopo kimefanya kazi ya kutosha. Mambo hayo yanasimulia matumizi, na mtu anayechonga vijiti kila jioni anaweza kukimaliza kisu kwa miaka mitatu, huku kingine kikilala kabatini nusu karne bila kupungua unywele.

Simu niliyoiahirisha

Mpaka hapa nilikuwa nashughulika na chuma na plastiki. Lakini kikaratasi kilisema kisu ni cha baba, na mkono ulioandika ulikuwa wa mama yule aliyefariki akiwa na zaidi ya miaka 90, akimtaja baba yake mzazi. Aliandika akiwa na hakika. Mimi ni mgeni niliyelipa dola chache. Kwa haki gani nimpigie binti yake na kumwambia kwamba kisu cha babu si cha babu?

Kwa majuma kadhaa nilijiambia kwamba hakuna anayedhurika. Kisha nikaanza kuona kwamba hoja hiyo ina kasoro. Kama babu alikuwa skauti mwaka 1925 na alikuwa na kisu, basi kisu hicho kilikuwa kingine kabisa: cha New York Knife Company kabla haijafungwa mwaka 1931, au Remington, au Ulster ya Ellenville, na kwa vyovyote kisingekuwa na mpini wa plastiki uliobuniwa miaka zaidi ya 30 baadaye. Kisu hicho huenda bado kimo katika nyumba hiyo, ndani ya droo nyingine, bila kikaratasi, na familia iliyoamini kwamba imekwisha kukiuza haitakitafuta. Kunyamaza kwangu kungeweza kukitupa jalalani.

Nilimpigia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mambo mawili matatu ya akili sana kuhusu kalibu, akasema kwamba kaka yake mkubwa alikuwa skauti katikati ya miaka ya 60 na kwamba atamwuliza. Baada ya siku chache alijibu. Kaka anakumbuka alikuwa na kisu. Anakumbuka pia, bila kusita, kwamba mpini wake ulikuwa mweusi.

Kwa hiyo sijui kisu kilikuwa cha nani, na hapo sina lenzi inayoweza kunisaidia. Bapa lina hakika juu ya kiwanda, mpini una hakika juu ya muongo, na mzee wa miaka 70 ana hakika juu ya rangi nyeusi. Nilimwomba binti yule aangalie tena masanduku yaliyobaki, na nikamweleza cha kutafuta: mpini wenye vidoa vya mfupa, au mti mweusi, na kwenye shina la bapa jina lolote kati ya yale niliyoyataja. Alisema ghala la nyuma ya nyumba halijafunguliwa.

Kwa mwenye kisu cha Sheffield

Najua kwamba wasomaji wengi wa Kenya na Tanzania, wakifungua droo za wazee wao, hawatakuta tai. Uskauti ulitufikia kwa njia ya Waingereza. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, alifariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941 na amezikwa hukohuko. Kisu cha Mwingereza hutaja Sheffield, mji wa visu wa Uingereza, na kanuni zake za umri ni nyingine.

Neno ENGLAND kwenye bapa hupewa heshima isiyolistahili. Ni kweli kwamba sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni kutaja nchi zilikotoka kuanzia 1891, na kwamba viwanda vya Sheffield vikaanza kupiga neno hilo kwa wingi. Lakini kambi ya kwanza ya Baden-Powell katika kisiwa cha Brownsea ilifanyika Agosti 1907, hivyo kisu cha skauti tayari ni kichanga kuliko 1891, na neno hilo halikiongezei wala kukipunguzia kitu. Neno STAINLESS lina faida zaidi, kwa sababu Harry Brearley alikitengeneza chuma hicho kisichoshika kutu huko Sheffield mwaka 1913. Herufi G na R zenye taji katikati, zinazoonekana kwenye visu vya kiwanda cha Joseph Rodgers cha Sheffield, ni za mfalme George; kwa kisu cha skauti haziwezi kuwa kabla ya 1910, na kwa kuwa George wa tano alifuatwa baada ya muda mfupi na George wa sita, aliyetawala mpaka 1952, zinakuachia zaidi ya miaka 40 ya kuhangaika nayo.

Kabla hujasugua

Wengi huniandikia wakiwa wamekwisha kukisafisha kisu kwa msasa mpaka kinang'aa, kisha wanauliza umri wake. Mhuri kwenye shina la bapa una kina kidogo sana. Msasa wa dakika 10 unaweza kuondoa mstari wa tatu, na mara nyingi mstari huo ndio wenye neno linalotenganisha muongo na muongo. Ngao nayo ikisuguliwa hupoteza manyoya ya tai na maandishi ya utepe. Kama lazima usome herufi zilizofifia, mulika taa kutoka pembeni, karibu sawa na uso wa bapa, ili kila herufi itupe kivuli chake, na upige picha kadhaa ukisogeza taa.

Kutu nyekundu inayolika hutolewa kwa mafuta na kipande cha shaba, kwa uvumilivu, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma na haitakwaruza. Doa jeusi au la kijivu lisilolika liache. Tone moja la mafuta ya madini kwenye kila kiungo linatosha. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi.

Na kisu chenye mpini wa seluloidi kisihifadhiwe kopo moja na vingine. Plastiki hiyo ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi unaoyashambulia mabapa yake yenyewe, halafu ya majirani, na kopo la bati lililofunikwa vizuri huuzuia mvuke huo ndani.